Neno Fupi Kinywani mwa Kinyozi: Uhakiki wa Maneno ya Kujituliza

Utangulizi

Mwalimu wa shule ya msingi, muuguzi wa zamu ya usiku, mama muuza mboga aliyekopa katika vikundi vitatu, na mara nyingi mchungaji mwenyewe, wote hulalamikia jambo moja: moyo unakwenda mbio, usingizi umekimbia, na akili haipo pale mwili ulipo. Dawa wanayopewa katika semina, katika vijitabu na katika programu za simu ni nyepesi. Chagua sentensi fupi, vuta pumzi polepole, uirudie mpaka utulie. Mmoja huambiwa ajiambie kwamba yu salama. Mwingine kwamba ana nguvu. Mwingine kwamba hili nalo litapita. Katika sharika zetu dawa hiyo imevikwa kanzu. Twasikia Wakristo wakifundishwa kujitamkia ushindi asubuhi na jioni, na tumezoea kuitikiana kwamba Mungu ni mwema hata pale ambapo mwenzetu aliye karibu hajapata nguvu ya kuitikia.

Katika makala haya tunakusudia kuipima desturi hiyo. Hatuna nia ya kuilaani, kwa maana Kanisa lenyewe limeomba kwa maneno mafupi tangu mwanzo. Kipimo chetu kitakuwa kijitabu alichokiandika Martin Luther mapema mwaka 1535, ambacho kwa Kiswahili twaweza kukiita Njia Rahisi ya Kuomba. Tumekichagua kwa sababu mbili. Kwanza, kinashughulika hasa na akili inayotangatanga. Pili, mtu aliyeandikiwa kijitabu hicho alipatwa na jambo ambalo mhakiki mwenye haki hawezi kulificha.

1. Urithi wa maneno mafupi

Ombi la Petro alipoanza kuzama (Mathayo 14:30) lina maneno mawili tu katika Biblia yetu ya Kiswahili. La mtoza ushuru (Luka 18:13) si refu zaidi ya pumzi moja. Bartimayo kipofu alikirudia kilio chake, na alipokemewa akakizidisha (Marko 10:48). Yapata mwaka 412 Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, alimwandikia mjane Proba habari za ndugu wa Misri waliokuwa na desturi ya maombi mafupi ya mara kwa mara, yarushwayo upesi kama mishale. Sababu aliyoitoa ni ya busara: umakini wa mwombaji hupoteza makali ukivutwa mno. Katika karne hiyo hiyo Yohana Kasiano aliandika mafundisho ya abba Isaka, ambaye aliuchukua mstari wa kwanza wa Zaburi ya 70, ule wa kumwita Mungu afanye haraka kusaidia, akaagiza usemwe wakati wa hasira, wakati wa majaribu, mezani na kitandani. Wakristo wa Mashariki wakailea Sala ya Yesu, inayolitaja jina la Bwana na kuomba rehema. Nasi tunapoimba Kirie katika ibada ya Jumapili, hakuna anayelalamika kwamba tumerudia.

Nje ya Kanisa nako kuna maneno mafupi. Émile Coué, mfamasia Mfaransa aliyefanya kazi katika mji wa Nancy na kupata sifa kubwa katika miaka ya 1920, aliwafundisha wagonjwa wake kujiambia mara 20 kwa wakati mmoja, asubuhi na jioni, kwamba siku kwa siku hali yao inazidi kuwa bora katika kila jambo. Ili wasipoteze hesabu, aliwashauri watumie kamba yenye mafundo 20. Mwaka 1975 Herbert Benson, daktari wa Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani, alichapisha kitabu chake juu ya utulivu wa mwili. Alieleza kwamba mtu akikaa mahali pa kimya, akarudia neno moja, na akayaacha mawazo mengine yapite bila kugombana nayo, mapigo ya moyo hupungua kasi na mwili hutumia oksijeni kidogo zaidi. Neno alilolipendekeza wakati huo lilikuwa neno la hesabu tu, yaani "moja". Baadaye, katika kitabu cha mwaka 1984, alishauri kwamba kila mtu atumie maneno ya imani yake mwenyewe. Mwaka 2001 watafiti wa Italia walichapisha katika jarida la madaktari wa Uingereza vipimo vya watu 23 wenye afya. Waliposali Salamu Maria kwa Kilatini, na vile vile waliporudia maneno ya yoga, pumzi zao zilishuka kufikia kadiri ya sita kwa dakika, na mwendo wa moyo ukafuatana na pumzi hizo.

Tujifunze mambo mawili kutokana na habari hizi. La kwanza, nafuu hiyo ni ya kweli, wala mchungaji asiidharau. Mwili ni kiumbe cha Mungu. Sehemu ya Kwanza ya Imani yatufundisha kumshukuru Muumba kwa viungo vyote, na pumzi ni miongoni mwa vipawa hivyo. La pili, pumzi haiulizi mtu ni wa dini gani. Ikiwa rozari na yoga huushusha mwendo wa moyo kwa namna moja, basi utulivu wa mwili hautoshi kuwa ushahidi wa kazi ya Roho Mtakatifu. Anayemwambia Mkristo kwamba amani aliyoisikia baada ya kurudia maneno ndiyo alama ya imani yake, amemjengea nyumba juu ya mchanga. Kesho maneno yale yale yasipomtuliza, atadhani kwamba imani imemwacha.

2. Kijitabu na wembe

Petro Beskendorf alikuwa kinyozi wa Wittenberg na rafiki wa Luther kwa miaka mingi. Aliomba afundishwe namna ya kuomba ambayo mtu wa kawaida angeweza kuifuata. Luther hakumjibu kwa nadharia. Anaanza kwa kukiri kwamba yeye mwenyewe, akisikia kwamba amepoa na hana hamu ya kuomba kwa sababu ya kazi au mawazo mengine, huchukua Zaburi zake, huingia chumbani au kanisani, na hujisemea Amri Kumi, Imani, na maneno machache ya Kristo, ya Paulo au ya Zaburi, kama watoto wafanyavyo. Anaonya juu ya yale mawazo yanayomwambia mtu asubiri kidogo, amalize kwanza shughuli hii au ile, kwa maana mtu akiyasikiliza siku nzima hupita bila maombi.

Mfano wake mkuu ameuchukua katika kazi ya Petro mwenyewe. Kinyozi mwema, asema, hana budi kuweka macho na mawazo yake yote kwenye wembe na nywele, akijua amefika wapi katika kunyoa. Akipiga soga huku akitazama kwingine, aweza kumkata mteja wake mdomo au pua, hata na koo. Ikiwa kazi ya mikono yadai moyo mzima, si zaidi sana maombi? Hapo Luther amelitamka jambo linalohubiriwa leo kana kwamba ni jipya, yaani kuwapo kwa akili yote katika tendo lililo mbele ya mtu. Tofauti ni kwamba kwa Luther umakini huo una mtu wa kuelekezwa kwake. Kinyozi hautazami wembe ili ajisikie mtulivu. Anautazama kwa sababu chini ya wembe kuna shingo ya jirani.

Njia anayoifundisha ni ya kusuka. Kila amri huchukuliwa kama shada la nyuzi nne: kwanza fundisho, kisha shukrani, kisha toba, kisha ombi. Mtu haachwi na maneno matupu ya kurudiwa. Tena Luther anakataza kabisa maombi yake ya mfano yasikaririwe yote, yasije yakageuka kuwa mapayuko. Anakiri kwamba mara nyingi fikira moja humshika katika ombi moja, naye huyaacha mengine yote na kunyamaza, kwa kuwa wakati huo Roho Mtakatifu mwenyewe anahubiri. Neno fupi kwake ni mfano wa kijinga cha kuwashia jiko: moto ukishika, hakuna haja ya kuendelea kukipuliza.

Hata hivyo kijitabu hiki kina kasoro zake. Maombi ya mfano ni marefu kuliko jina la kijitabu linavyoahidi. Juu ya mwili Luther anasema machache, kwamba mtu apige magoti au asimame, akiwa amefumba mikono na kuinua macho mbinguni. Lakini habari za pumzi, ambazo watawa wa Mashariki walizijua vema, hazimo. Aidha, katika Sala ya Bwana anaomba dhidi ya Mturuki na Papa kwa ukali wa siku zake. Sisi tunaoishi nyumba kwa nyumba na Waislamu, na kuzika wafu wetu pamoja na Wakatoliki, hatuwezi kuyaazima maneno hayo jinsi yalivyo. Mwanafunzi anayekisoma ajifunze njia, asiige chuki.

3. Jumamosi kabla ya Pasaka

Tarehe 27 Machi 1535, Jumamosi kabla ya Pasaka, Petro alikuwa mezani nyumbani kwa mkwewe Dietrich. Huyu Dietrich alikuwa askari, naye alijisifu kwamba anajua ufundi wa kuukinga mwili usidhurike na silaha. Petro, akiwa amekunywa, alichukua kisu na kumchoma. Dietrich akafa. Luther na marafiki wengine waliingilia kati, na Petro hakuuawa. Lakini alifukuzwa Wittenberg, akapoteza mali yake, akaishi Dessau akiwa mtu aliyevunjika. Kijitabu kilikuwa kimetoka miezi michache tu kabla ya siku hiyo, kikimtaja yeye kwa jina.

Tutazame kwanza upande wa mkwe. Alikuwa na kinga aliyoiamini, nayo haikumkinga. Sisi tulio na kumbukumbu ya Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907 twajua kwa uchungu jinsi neno moja, likisemwa kwa imani yote, lisivyogeuza risasi kuwa maji. Neno linalotumiwa kama hirizi humdanganya mtumiaji kwa kiasi kile kile anachokiamini. Na neno la Biblia laweza kutumiwa kama hirizi vile vile, hasa pale linapotamkwa ili kumlazimisha Mungu au kuuficha ukweli wa mambo.

Upande wa Petro ni mgumu zaidi. Mtu aliyefundishwa umakini kwa mfano wa wembe ndiye aliyeshika kisu bila kufikiri. Msomaji atauliza: basi, njia hii ilimfaa nini? Kama kazi ya maneno mafupi ni kumtengeneza mtu mtulivu anayejitawala siku zote, hatuna budi kukubali kwamba kijitabu kimeshindwa mbele ya macho yetu, tena kwa yule aliyeandikiwa. Nasi tusimtetee Luther kwa kusema kwamba Petro hakuomba vya kutosha. Hilo ni jibu la marafiki wa Ayubu, na ndilo jibu tunalowapa waumini wetu wanapolemewa.

Tuulize swali jingine. Jumapili ile ya Pasaka, damu ya mkwewe ikiwa mikononi mwake, ni neno gani fupi ambalo Petro angeweza kulisema bila kusema uongo? Hakuweza kujiambia kwamba yu salama. Hakuweza kujiambia, kwa mafundo 20 ya Coué, kwamba siku kwa siku anazidi kuwa bora. Kujitamkia ushindi kungekuwa dhihaka kwa binti yake mjane. Lakini aliweza kusema neno la mtoza ushuru. Aliweza kusema Kirie. Tena aliweza kusema neno ambalo Luther analifundisha katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529, kwamba dhambi na dhamiri zikitulemea, tujibu kwa kusema kwamba tumebatizwa. Neno hilo lilikuwa kweli Ijumaa, lilikuwa kweli Jumamosi jioni baada ya kisu, na lilikuwa kweli Dessau.

4. Neno la nani?

Hapa ndipo tunapofikia kiini cha uhakiki wetu. Maneno mafupi hayatofautiani sana kwa urefu, wala kwa idadi ya marudio, wala kwa jinsi yanavyoupoza mwili. Yanatofautiana kwa mtendaji wake. Katika sentensi za kujituliza mtendaji ni mimi: mimi nina nguvu, mimi nimetulia, mimi nitashinda. Mtu aliyechoka anatakiwa aikamue nafuu yake kutoka katika nafsi ile ile iliyochoka. Neno "nimebatizwa" lina umbo la kutendwa. Sarufi yetu ya Kiswahili yatuhubiria hapa: kiambishi cha mwisho kinasema kwamba mwingine ndiye aliyetenda, nami ni mpokeaji. Ndiyo maana mababa wa Matengenezo walisema kwamba haki yetu iko nje yetu. Neno lililo nje yangu halitikisiki ninapotikisika.

Wapo watakaosema kwamba Biblia nayo ina maneno ya mtu kujisemesha nafsi yake. Ni kweli. Mwimbaji wa Zaburi ya 42 anaiuliza nafsi yake kwa nini imeinama. Lakini hakomei katika kuisemesha; anaielekeza kwa Mungu, tena hafichi kwamba machozi yamekuwa chakula chake. Kujisemesha kwa namna hiyo ni kujihubiria neno ambalo mtu amelipokea kwanza.

5. Getsemane

Kuna jambo moja ambalo washauri wa utulivu hawapendi kulitazama. Usiku ule wa Getsemane Bwana wetu alirudia maneno yale yale mara ya tatu (Mathayo 26:44). Ombi lilikuwa fupi, lilirudiwa, lilielekezwa kwa Baba. Je, lilimtuliza? Luka asema jasho lake lilikuwa kama matone ya damu (Luka 22:44). Na msalabani alilitwaa neno la kwanza la Zaburi ya 22, ambalo ni kilio cha aliyeachwa. Ikiwa utulivu ndio kipimo cha ombi jema, basi ombi la Mwana wa Mungu halikufaulu.

Lakini aliinuka akaenda kuwakuta waliokuja kumkamata, wala hakukimbia. Ombi fupi lilimshika katika mapenzi ya Baba huku mwili ukiendelea kutetemeka. Wanafunzi, ambao hawakuomba, ndio waliokuwa na utulivu wa usingizi. Alichowaagiza ni kukesha. Kukesha huko ndiko kuwapo kwa namna ya Kikristo: kubaki macho pamoja na anayeteseka, hata kama moyo haujapoa.

6. Kwa wanaokwenda kutumika

Kutokana na hayo twawapendekezea wachungaji na wanafunzi mambo machache.

Mosi, tusiyarushe maneno mafupi msibani. Mama aliyezika mtoto asubuhi hahitaji kuambiwa mchana kwamba Mungu ni mwema, naye akalazimika kuitikia. Marafiki wa Ayubu walifanya vema kwa siku saba walipoketi chini kimya (Ayubu 2:13). Walikosea walipofumbua vinywa. "Pole" yetu ya kila siku, isemwayo na mtu aliyekaa, huzidi mahubiri ya aliyesimama mlangoni na ufunguo wa pikipiki mkononi.

Pili, maneno yapandwe kabla ya ukame. Tumeketi kando ya vitanda vya wazee ambao hawakuwakumbuka tena hata watoto wao, lakini mchungaji alipoanza Sala ya Bwana midomo yao ilifuata. Hayo yalipandwa katika darasa la kipaimara miaka 60 iliyopita. Mwalimu wa kipaimara anayeruka kazi ya kukariri ili amalize mapema anamnyang'anya mtoto neno atakalolihitaji siku asipoweza kusoma.

Tatu, tusilifanye neno fupi kuwa mbadala wa tabibu. Mtu mwenye sonona, asiyelala wala kula kwa majuma, apelekwe hospitali, tena tumsindikize. Luther mwenyewe, akiwaandikia watu waliolemewa na huzuni, kama Jerome Weller mwaka 1530 na mtawala Joachim wa Anhalt mwaka 1534, aliwahimiza wasikae peke yao, bali watafute watu na furaha.

Nne, tulipime kila neno kabla ya kumpa mtu. Je, mtendaji wake ni Mungu au ni mimi? Je, linaacha nafasi ya kulia? Je, laweza kusemwa kwa kweli na mtu aliyeanguka jana? Neno lisilopita mtihani huu laweza kupunguza mapigo ya moyo, nalo litumike kwa kazi hiyo kama mtu atumiavyo maji baridi. Lisipewe nafasi ya Injili.

Hitimisho

Kijitabu cha Luther hakikumfanya Petro kuwa mtu asiyeweza kuua. Hilo limeandikwa katika historia, nasi tumeona kwamba halifai kufichwa. Lakini kilikuwa kimemwachia mikononi Amri iliyomhukumu, Imani iliyomtaja Mkombozi, na Sala yenye ombi la msamaha. Vitu hivyo angeweza kwenda navyo Dessau, ambako hakuna sentensi ya kujisifu ambayo ingevuka mpaka pamoja naye. Mchungaji atakayeingia wodini usiku huu, akiwa amechoka kuliko mgonjwa anayemwendea, na avute pumzi mlangoni, kwa kuwa pumzi ni kipawa. Kisha alitaje jina la Bwana, aingie, aketi.